Kikapu Katikati ya Uwanja wa Soka: Utangulizi wa Somo la Viwanja

Uwanja wa soka wenye vipimo vya mashindano makubwa una urefu wa mita 105 na upana wa mita 68. Uwanja wa mpira wa kikapu una mita 28 kwa 15. Ukipiga hesabu ya eneo, ule mkubwa unaumeza mdogo mara 17 kamili. Sasa chukua huo mdogo, uuweke katikati ya mkubwa, jaza majukwaani watu elfu sabini, kisha waite vijana kumi wa chuo kikuu waje kucheza. Marekani wamekuwa wakifanya hivyo kwa zaidi ya nusu karne, japo mpira wao wa miguu ni wa aina nyingine na uwanja wake ni mwembamba kuliko wetu. Fainali ya wanaume ya vyuo vikuu vyao, tangu mwaka 1997, haijachezwa tena katika ukumbi wa kawaida wa kikapu. Inachezwa katika viwanja vikubwa vilivyojengewa mchezo mwingine.

Kwa nini wafanye hivyo? Nani anafaidi, nani anakosa? Na mchezo ukishahamishwa, unabaki ule ule? Ukiyashika maswali haya umekwisha kuingia katika somo ninalokukaribisha.

Somo lenyewe halina idara yake chuoni. Mhandisi analigusa anapochora majukwaa, mchumi anapohesabu tiketi, mwanahistoria anapofukua magazeti ya zamani, daktari wa macho anapoeleza jinsi tunavyokadiria umbali. Kila mmoja ana kipande chake. Anayetaka kuliona zima inambidi awe mgeni katika nyumba nyingi, na awe mgeni mwenye adabu, asiyedharau kipimo cha fundi wala kumbukumbu ya shabiki. Mimi naliendea nikiwa na imani moja ambayo nitaitetea hadi mwisho: uwanja ni sehemu ya kanuni za mchezo, sawa na filimbi na idadi ya wachezaji. Ukiubadili, umebadili mchezo, hata kama kitabu cha kanuni hakikuguswa.

Naandika nikiwafikiria kwanza wasomaji wa Juru na wa Mbarara. Juru ni moja ya kanda za makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, makazi yaliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda na ambayo leo yana Wakongo, Warundi, Wasomali na wengine wengi, wanaoelewana kwa Kiswahili pale lugha za nyumbani zinapokomea. Mahali kama hapo ardhi iliyo wazi haikai bure. Eneo lililoachwa kwa mpira hutumika pia kwa mkutano, kwa ibada, kwa sherehe, na mchana wa kiangazi hata kwa ng'ombe wanaopita. Mbarara mjini, Kakyeka ni uwanja wa soka, lakini hakuna mwenyeji atakayeshangaa kukuta shughuli nyingine pale. Kwa hiyo swali la kuazima uwanja wa mchezo mmoja kwa ajili ya mwingine si geni kwetu. Kilichopungua ni kuliandika na kulipima.

Tuanzie Houston, Texas, tarehe 20 Januari 1968. Jumba la Astrodome lilikuwa limefunguliwa miaka mitatu nyuma, kubwa, lenye paa, limejengwa kwa ajili ya besiboli na futiboli ya Kimarekani. Chuo Kikuu cha Houston kiliialika UCLA ya Los Angeles, timu iliyokuwa haijafungwa katika michezo 47 mfululizo. Kocha wa UCLA, John Wooden, hakulipenda wazo la kucheza kikapu katika uwanja wa namna ile. Mkurugenzi wa michezo wa chuo chake, J. D. Morgan, ndiye aliyeona mbali zaidi. Houston haikuwa na sakafu ya kuhamishika, basi ikasafirishwa vipande vipande kutoka ukumbi wa Los Angeles Memorial Sports Arena na kuunganishwa katikati ya lile jumba. Mtazamaji aliyekuwa karibu kuliko wote alikaa kama mita 30 kutoka kwenye mstari. Waliolipa na kuingia walikuwa 52,693. Mechi ilirushwa moja kwa moja usiku kwa nchi nzima, kupitia vituo zaidi ya 100 vilivyounganishwa na Eddie Einhorn, kijana aliyeamini kwamba mchezo wa vyuo ungeuzika katika saa ambazo watu wako sebuleni. Houston walishinda 71 kwa 69. Elvin Hayes alifunga pointi 39.

Mwenzake wa upande wa pili, Lew Alcindor, ambaye dunia ilimjua baadaye kwa jina la Kareem Abdul-Jabbar, alirusha mara 18 na kupata mara 4 tu. Hapa mwanafunzi mwenye haraka atasema: unaona, uwanja ulimshinda. Subiri kidogo. Siku chache kabla ya hapo Alcindor alikuwa amekwaruzwa jicho. Halafu mwezi wa Machi timu zile zile zikakutana tena katika nusu fainali ya mashindano ya vyuo, safari hii Los Angeles, katika ukumbi ule ule uliokuwa umeazimisha sakafu yake. UCLA wakashinda 101 kwa 69. Timu mbili, sakafu za mlango mmoja, miezi miwili baina yao, mara moja uwanjani na mara moja ukumbini, na tofauti ya pointi 34 kutoka matokeo ya kwanza hadi ya pili. Ingekuwa majaribio mazuri kuliko yote ya somo letu, kama jicho lisingepona na kama Houston wasingempoteza mchezaji muhimu katikati ya safari. Naupenda mfano huu kwa sababu unatufundisha subira mapema. Michezo haitupi maabara. Inatupa matukio, na kila tukio limebeba sababu zaidi ya moja.

Usidhani Wamarekani walikuwa peke yao. Mwaka huo huo wa 1968, mwezi Aprili, AEK ya Athens iliicharaza Slavia Prague 89 kwa 82 katika fainali ya kombe la Ulaya iliyochezwa kwenye uwanja wa kale wa mawe meupe ambako Olimpiki ya 1896 ilifanyika. Watazamaji wanakadiriwa kuwa 80,000, chini ya anga tupu. Na Agosti 1951 Harlem Globetrotters walikuwa wameujaza uwanja wa Olimpiki wa Berlin watu wapatao 75,000.

Berlin ndiko pia tunakopata somo la ardhi, na hapa nataka tukae.

James Naismith alibuni mpira wa kikapu Desemba 1891 huko Springfield, Massachusetts, kwa sababu wanafunzi wake hawakuweza kutoka nje wakati wa baridi kali. Mchezo ulizaliwa ndani, juu ya mbao. Ulipoingia rasmi katika Olimpiki, Berlin 1936, wenyeji waliupeleka nje, kwenye viwanja vya tenisi vya udongo na mchanga. Siku ya fainali, Marekani dhidi ya Kanada, mvua ilinyesha. Mpira haukudunda. Unapotua kwenye tope unakaa pale pale ulipotua. Wachezaji walibaki kupasiana tu, na mechi ikaisha 19 kwa 8, Naismith mwenyewe akiwa shahidi. Fikiria: fainali ya Olimpiki, na timu ya pili imepata pointi 8 kwa mechi nzima! Hakuna kanuni iliyobadilishwa siku hiyo. Ni ardhi iliyofuta kitendo kimoja, kudunda, na pamoja nacho nusu ya mchezo.

Kanuni za shirikisho la dunia, FIBA, kwa miaka mingi zilieleza mpira ulio sawa kwa namna ambayo mtu yeyote anaweza kuijaribu: uangushe kutoka kimo cha mita 1.80, nao urudi juu kati ya mita 1.20 na 1.40. Tazama kilichofichwa mle. Kanuni inazungumzia mpira, lakini inachukulia kwamba sakafu ni ya mbao ngumu. Uchukue mpira uliofaulu mtihani huo Kampala, uje nao Juru, uuangushe pembeni mwa uwanja wa soka. Kwenye udongo mwekundu ulioshindiliwa na miguu ya watu, wakati wa kiangazi, unarudi vizuri, ingawa chini ya kile kimo. Sogea hatua chache hadi penye vumbi laini na unasikia sauti nyingine, nzito, isiyo na mwangwi, na mpira unaishia magotini. Sogea tena hadi penye nyasi za pembeni, unakufa. Ndani ya eneo ambalo kwa macho ni uwanja mmoja, una sakafu tatu. Mchezaji aliyekulia pale anajua kwa mguu mahali pa kudunda na mahali pa kutoa pasi, na kiganja chake kinajua kwamba mpira uliopita vumbini huteleza mpaka uupanguse kwenye jezi. Huo ni ujuzi wa kweli wa mchezo, wala si upungufu wa mtu ambaye hajafika ukumbini. Ninasisitiza kwa sababu vitabu vingi vya somo hili vimeandikwa na watu wasiowahi kucheza juu ya udongo.

Kutoka miguuni twende machoni. Uwanja wa Mandela pale Namboole, uliofunguliwa mwaka 1997, una njia ya riadha inayouzunguka, kama vilivyo viwanja vingi vya zama zake. Ukiweka ringi mbili katikati yake, shabiki aliyeketi nyuma ya goli atakuwa umbali wa karibu mita 90 kutoka duara la kati. Mpira wa kikapu una kipenyo cha sentimita 24 hivi. Kwa umbali huo, jicho linauona ukiwa mdogo kuliko theluthi ya mwezi mpevu. Mchezaji wa mita mbili unamwona, mbio zake unaziona, jezi unaitambua. Lakini kidole kilichougusa mpira, kiwiko kilichomsukuma beki, mguu uliokanyaga mstari, hivyo huvioni. Kikapu ni mchezo wa vitu vidogo vinavyotendeka kwa kasi katika nafasi finyu. Soka inavumilia umbali kwa sababu uzuri wake mkubwa upo katika mpangilio wa watu wengi juu ya eneo pana, na aliyeketi juu sana huuona vizuri zaidi.

Dawa iliyobuniwa ni kuinua sakafu. Aprili 2009 huko Detroit, katika Ford Field, nyumbani kwa timu ya futiboli ya Lions, waandaaji wa mashindano ya vyuo waliiweka sakafu katikati kabisa ya uwanja juu ya jukwaa, ili walioketi viti vya chini wasizibwe na vichwa vya watu. Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya kuukumbuka usiku ule. Katikati ya sakafu ile alisimama Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, mrefu wa mita 2.21, aliyeanza mchezo huu akiwa tayari kijana wa sekondari, akapitia shule moja ya Houston hadi Chuo Kikuu cha Connecticut. Watazamaji walikuwa zaidi ya 72,000. Connecticut walifungwa na Michigan State 82 kwa 73, na miezi michache baadaye Thabeet akawa Mtanzania wa kwanza kuchaguliwa katika ligi ya NBA, wa pili kwa jumla mwaka huo. Sijui Mswahili mwingine aliyewahi kucheza kikapu mbele ya umati kama ule, na nadhani historia yetu ya michezo haijaupa usiku huo nafasi unayostahili.

Lakini jukwaa lililoinuliwa lina gharama yake. Wachezaji wa akiba hukaa chini ya usawa wa sakafu, macho yao yakiwa karibu na viatu vya wenzao. Kocha hupewa kigoda juu ya sakafu ili aone. Anayerukia mpira unaotoka nje lazima akumbuke kwamba mbele kuna ukingo. Na nyuma ya ubao wa kioo, badala ya ukuta wa watu walio karibu kama ukumbini, kuna pengo kubwa jeusi, kisha mbali sana taa na umati. Warushaji wengi wamelalamika kwamba macho yao hayapati pa kushika.

Je, ni kweli kwamba wanakosa zaidi? Huu ndio mjadala unaoupa uga wetu uhai. Wenye kusema ndiyo wana hoja nzito: fainali ya mwaka 2011, uwanja wa Reliant, Houston. Butler walirusha mara 64 na kufunga mara 12, asilimia 18.8, kiwango kibaya kuliko vyote katika historia ya fainali hizo. Walifungwa na Connecticut 53 kwa 41. Wenye kusema hapana wanakupeleka kwenye jengo hilo hilo miaka mitano baadaye, lilipokuwa limebadilishwa jina kuwa NRG. Nusu fainali ya 2016 Villanova walifunga asilimia 71 ya mitupo yao yote, wakawazika Oklahoma 95 kwa 51. Jengo moja limebeba jioni mbaya kabisa na jioni ya ajabu kabisa. Maoni yangu ni kwamba athari ipo, ni ndogo, na humwangukia zaidi anayerusha kutoka mbali akiwa hajapata siku za kutosha za mazoezi mahali pale. Timu iliyo katika moto wake huifunika. Atakayetaka kunipinga na achukue takwimu za misimu mingi badala ya mechi mbili, nami nitafurahi kumsoma.

Kuhusu fedha nitasema machache. Desemba 2003, Ford Field hiyo hiyo ilijaza watu 78,129 kuwaona Kentucky wakiwashinda Michigan State 79 kwa 74, na tangu hapo waandaaji hawakuwa na shaka kwamba tiketi zitauzika. Hata hivyo tiketi si kiini cha mapato. Mwaka 2010 chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kilitia saini mkataba wa televisheni wa dola bilioni 10.8 kwa miaka 14. Uwanja uliojaa ni pambo la picha hiyo inayouzwa. Wakati wote huo wachezaji walikuwa wanafunzi wanaolipiwa masomo na matunzo, wasioruhusiwa hata kuuza majina yao, hadi kanuni zilipolegezwa Julai 2021. Mtafiti anayepima umbali wa viti lazima apime na umbali huo kati ya mchezaji na fedha.

Upande wa pili wa mizani naweka Oktoba 2023, mji wa Iowa City, uwanja wa Kinnick usio na paa. Timu ya wanawake ya Chuo Kikuu cha Iowa, ikiongozwa na Caitlin Clark, ilicheza mechi ya kirafiki na DePaul mbele ya watu 55,646, na sehemu ya mapato ikaenda hospitali ya watoto. Hakuna mchezo wa kikapu wa wanawake uliowahi kukusanya watu wengi hivyo. Upepo ulivuma, mitupo iliyumba, na hakuna aliyelalamika, maana watu walikuja kusema jambo: kwamba mabinti hawa wanastahili uwanja mkubwa kuliko wote mjini. Hapo ndipo ninapoona matumizi halali ya uwanja mkubwa. Sikukuu inaruhusu mtu aone kidogo ili awe pamoja na wengi. Fainali, ambayo ni hukumu ya msimu mzima, ingefaa ichezwe mahali ambapo wachezaji wanaona vizuri na wanaonekana vizuri. NCAA wamefanya sikukuu kuwa desturi, na katika hilo nadhani wamekosea.

Uwanja usio na paa una adui mwingine ambaye sisi tunamjua. Tarehe 9 Novemba 2012 Wamarekani walipanga michezo ya vyuo juu ya meli za kivita. Ile ya Ohio State na Marquette ilifutwa, na ile ya Georgetown na Florida ikasimamishwa wakati wa mapumziko, zote kwa sababu moja: unyevu uliotua juu ya mbao. Hakukuwa na mvua wala dhoruba. Ulikuwa ni umande tu. Mbarara iko juu ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na usiku wake una baridi. Jua likizama baada ya siku ya mvua, sakafu yoyote ya mbao ndani ya Kakyeka ingelowa vivyo hivyo. Waandaaji wa pambano la Muhammad Ali na George Foreman mjini Kinshasa, Oktoba 1974, walisimamisha ulingo katikati ya uwanja wa soka wa 20 Mei na kuufunika kwa paa lake wenyewe. Pambano lilianza karibu saa kumi za alfajiri ili liwafikie Wamarekani jioni yao, na muda mfupi baada ya kumalizika mvua kubwa ikashuka. Kikapu kinahitaji paa pana kuliko lile la ulingo, na juu ya hapo mpira nao hupaa. Kwa hiyo kwetu saa ya kuanza mechi ni suala la uhandisi. Saa tisa mchana wa Julai ni jibu. Saa mbili usiku wa Aprili si jibu.

Tuje kwenye ujenzi wa eneo letu, maana hapa kuna mambo ya kujivunia. Kenya ilipojenga Nyayo, 1983, na Kasarani kwa ajili ya michezo ya Afrika ya 1987, iliweka ukumbi wa ndani kando ya uwanja mkubwa. Wapangaji wale walielewa kwamba mchezo mdogo unahitaji nyumba yake. Uganda iliubeba mzigo kwa muda mrefu kwa ukumbi wa Lugogo, ambako vilabu kama City Oilers vimepambana na timu za vyuo kama Chuo Kikuu cha Kikristo cha Uganda kutoka Mukono; kwetu chuo na klabu hukutana katika ligi moja, jambo ambalo Mmarekani angelistaajabia. Rwanda mwaka 2019 ilifungua ukumbi wa watu 10,000 Remera, Kigali, jirani kabisa na uwanja wa Amahoro, na tangu 2021 michezo ya ligi ya kikapu ya Afrika imekuwa ikichezwa pale. Oilers waliingia ligi hiyo mwaka 2023, klabu ya kwanza ya Uganda kufika huko. Kijana wa Juru anayetaka kuona ukumbi uliojengwa kwa usahihi ana mfano wake ng'ambo ya mpaka wa karibu.

Sasa Kenya, Uganda na Tanzania zinajiandaa kwa kombe la mataifa ya Afrika la soka la 2027, na kwa ajili yake vilipangwa viwanja vipya: Talanta ya Nairobi yenye viti 60,000, Arusha viti 30,000, Hoima viti 20,000. Kombe litapita ndani ya wiki chache, viti vitabaki miaka hamsini. Swali la vitatumika kwa nini kingine litakuja, na heri waliolisoma mapema wawepo mezani. Mimi ningewaonyesha Syracuse, jimbo la New York. Chuo kikuu cha pale kina uwanja wa futiboli wenye paa tangu 1980, na ndani yake huchezwa kikapu msimu mzima. Siri yao ni kwamba hawaweki sakafu katikati. Huiweka upande mmoja wa uwanja, ikigusana na majukwaa ya kudumu, kisha huleta majukwaa ya kuhamishika upande wa pili na pazia kubwa nyuma yake. Sehemu kubwa ya viti inatolewa sadaka, na bado watu zaidi ya 35,000 wamewahi kuingia, wengi wakiwa karibu kiasi cha kuusikia mpira. Kwa Kakyeka, kwa Hoima, hata kwa Juru, mafunzo ni yale yale: sogeza ringi kwenye jukwaa kuu, au pale watu wanapopenda kusimama, na katikati uiachie soka.

Pale watu wanapopenda kusimama: hili ndilo jambo ambalo Juru inaweza kulifundisha somo zima. Katika Ford Field kila mtu ana namba ya kiti. Umbali wake umeamuliwa na mchoraji na mfuko wake. Katika uwanja wa wazi usio na viti, mtazamaji anachagua. Mechi ikianza, watu husogea, hurudi nyuma, huzunguka upande wa pili jua linapowapiga machoni, hupanda kichuguu, huwabeba watoto mabegani, hukaza duara ugomvi unapozuka chini ya ringi. Duara hilo lina vipimo, na hakuna mchoraji wa majukwaa aliyewahi kuwa nao. Linatuambia mtu aliye huru hupenda kuutazama mchezo akiwa mita ngapi, na katika umbali gani huamua kwamba haoni kitu tena na kwenda zake.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ninayompa anayeingia katika somo hili ni hii. Tafuta utepe wa kupimia, mpira, daftari na mwenzako mmoja. Chora uwanja wenu, weka alama mahali penye udongo mgumu, vumbi na nyasi, na kila mahali angusha mpira kutoka mita 1.80 uandike unakorudi, asubuhi, alasiri, na tena baada ya mvua. Usiku weka ubao mkavu nje na uandike saa ambayo umande unaanza kuonekana juu yake, mwezi wa kiangazi na mwezi wa masika. Siku ya mechi simama mbali na umati, na kila dakika kumi weka nukta kwenye mchoro wako pale duara la watazamaji lilipo: wanawake wako wapi, watoto wako wapi, wazee wako wapi. Fanya hivyo kwa mechi ya soka, kisha kwa mechi ya kikapu juu ya ardhi hiyo hiyo. Linganisha michoro miwili. Mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara atakusaidia kwa upande wa mdundo, na wa sayansi ya jamii kwa upande wa duara. Waendee wote wawili, na uwapelekee daftari, usiwapelekee wazo tupu.